Kutembea kwa miguu Dar es Salaam na visiwani: anza na maji, ramani baadaye

Swali: Shikamoo mzee. Mwaka huu tumehamia Dar kutoka Morogoro, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 11 na 14. Kule tulizoea kupanda Uluguru hadi Morningside. Hapa naona foleni ya magari tu. Je, kuna njia za kutembea kwa miguu mjini, ufukweni na visiwani? Ni kweli kisiwa cha Bongoyo kinazungukwa chote kwa miguu? Hatuna gari, na mke wangu hajui kuogelea, anaogopa boti.

Jibu: Marahaba mwanangu, karibuni Dar. Njia zipo, tena nyingi kuliko wanavyodhani hata waliozaliwa hapa hapa. Ila njia za pwani zina tabia yake. Njia ya Morningside utaikuta pale pale asubuhi na jioni. Kinachobadilika ni utelezi tu. Huku kipande kile kile cha ufukwe, saa nne asubuhi ni uwanja mpana wa mchanga mgumu, watoto wanakimbia watakavyo, na saa kumi jioni hakipo kabisa, mawimbi yanapiga ukuta. Kwa hiyo kabla sijakutajia njia hata moja, nivumilie nikueleze maji kwanza, maana yote nitakayosema baadaye yanategemea hapo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika arobaini, hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunaingia bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Sasa sikiliza, hapa ndipo penye bahati yetu. Siku za bamvua katika pwani hii, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kwa hiyo ukiuona mwezi umekuwa mviringo, au umeandama, jua kwamba asubuhi ya kesho yake na siku mbili tatu zinazofuata ni za watembeaji. Siku za maji mafu mambo hugeuka: katikati ya asubuhi maji yamejaa, na ufukwe hufunguka jioni, tena kidogo tu.

Si lazima upige hesabu kichwani. Majedwali ya kupwa na kujaa ya Dar es Salaam yanapatikana kwenye simu bila gharama. Angalia mambo mawili: saa ya kupwa, na kimo cha maji wakati huo. Kimo kikiandikwa sentimita kumi au ishirini, utatembea mbali. Kikiandikwa mita moja na nusu, hayo ni maji mafu, na vipande vingi nitakavyokutajia vitakuwa vyembamba. Na simu ikiandika 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ukiwapangia wenzako safari, waandikie kwa saa zetu ili mtu asije akafika saa kumi jioni.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa pwani halijui mpaka limkute. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda polepole mno, ukadhani yamesimama. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazowatia watu matatani: siku ya bamvua, ndani ya saa hizo mbili tu, maji hupanda zaidi ya mita moja na nusu. Hicho ni kimo cha mtoto wako mkubwa. Kwa hiyo mwendo wangu ni huu: tunaondoka saa mbili kabla ya kupwa, tunatembea huku maji yanatupisha, na yakishapwa kabisa tunageuka, hata kama mbele panapendeza namna gani.

Simu ikizima, tazama mchanga. Mawimbi huacha mwani na takataka katika mistari inayofuata ufukwe. Mstari wa juu kabisa, mkavu, wenye vijiti na vifuu vya nazi, umeachwa na bamvua iliyopita. Chini yake upo mwingine ambao bado una unyevu. Unyanyue kwa kidole, utaona vidudu vidogo vya mchangani vikiruka. Huo umeachwa na maji ya alfajiri ya leo. Mstari mbichi ukiwa chini sana ya mkavu, mko kwenye maji mafu. Mbichi ukiufikia mkavu, bamvua imeingia, na jioni maji yatarudi mpaka hapo au kuzidi. Mstari wenyewe ukiukuta umelala kwenye msingi wa ukuta wa hoteli, basi jioni hapo hapapitiki. Wafundishe watoto kuusoma. Wa miaka 11 atauelewa siku ya kwanza.

Baada ya maji, upepo. Kuanzia Aprili au Mei mpaka kama Septemba huvuma kusi, na bahari huwa na mawimbi zaidi. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, joto kali na jua la kuchoma. Mimi miezi ninayoipenda kwa kutembea nchi kavu ni Juni, Julai na Agosti, kuna ubaridi wa asubuhi na mvua ni chache. Kwa visiwani napenda zaidi majira ya Septemba mwishoni na Oktoba, kusi ikishalegea na kaskazi haijaanza, bahari inapotulia. Masika, Machi hadi Mei, acheni msitu na udongo. Mjini mnaweza kutembea mvua ikikatika.

Sasa njia zenyewe. Anzeni na mji, maana hauhitaji boti wala kiingilio, na siku yake ni Jumapili. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi Posta hakuna foleni, na mnaweza kusimama katikati ya mtaa mkaangalia majengo kwa raha. Shukeni karibu na Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Teremkeni kuelekea bandarini. Mtapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, na mbele kidogo Azania Front la Walutheri, la zama hizo hizo. Karibu na hapo kuna Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji hapa palipokuwa kijiji cha Mzizima. Waonyesheni watoto kuta zake: ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mkifika visiwani watayakuta mawe yale yale yakiwa bado ardhini.

Fuateni ukingo wa bandari mpaka Soko la Samaki la Feri. Asubuhi hiyo mnada unakuwa umechangamka, na hata msiponunua kitu, wapeni watoto muda wa kuona changu, kolekole, taa na pweza wanavyoshushwa. Viatu viwe vya kufunika vidole, sakafu ina maji na magamba. Kutoka hapo, badala ya kupita mbele ya Ikulu, mimi huwapeleka watu kwa Mtaa wa Shaaban Robert, penye Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea ya tangu enzi za Wajerumani, kuna kivuli cha miti mikubwa. Maeneo yote ya karibu na Ikulu kamera ikae mfukoni, na askari akiwaelekeza njia nyingine, fuateni bila mjadala.

Mtatokea baharini karibu na hospitali ya Ocean Road, kisha mfuate Barabara ya Obama kuelekea kaskazini, bahari ikiwa kulia. Kipande hiki ni kizuri asubuhi wakiwepo wakimbiaji. Giza likiingia si mahali pa familia kutembea, nakuambia wazi. Mbele ya hospitali ya Aga Khan inaanza njia ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Daraja lenyewe ni kama kilomita moja juu ya maji, lina njia ya waenda kwa miguu, na kwangu mimi ndiyo kilomita bora kuliko zote katikati ya mji huu. Upande wa nchi kavu mnaona mikoko inapoishia Mto Msimbazi, mto unaoanzia milima ya Kisarawe na kubeba uchafu wa mji mzima. Upande wa pili bahari wazi na meli zinazosubiri kuingia bandarini. Msishuke kwenye tope la mdomo wa mto. Na kwa kuwa darajani hakuna kivuli hata kidogo, mlivuke kabla ya saa tatu.

Mkishalivuka mmefika Oysterbay, Coco Beach iko mbele yenu, na mihogo ya kukaanga na madafu yako pale pale. Kwa mwendo wa familia, mkisimama kuangalia, ni saa mbili na nusu hivi tangu Sanamu ya Askari. Mkiwa mmechagua Jumapili ya bamvua, mtafika maji yanaendelea kupwa, na mbele ya Coco utatokeza mwamba mpana wenye vidimbwi. Hapo msiwe na haraka. Kwenye kidimbwi kimoja cha ukubwa wa beseni watoto wataona kaa, majongoo bahari, samaki wadogo waliokwama wakisubiri maji yarudi. Mchezo mzuri ni kuchuchumaa penye kidimbwi kimoja bila kusogea kwa dakika tano. Ndipo vilivyojificha vinaanza kutoka.

Lakini msikanyage peku, wala na ndala. Kwenye miamba hii kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo, na kuna bocho, samaki anayefanana kabisa na jiwe, ana miiba ya sumu mgongoni. Raba kuukuu yenye soli ngumu inatosha, hahitajiki mtu kununua kiatu maalumu. Mtu akichomwa na bocho, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo.

Nije kwa Bongoyo, ulikouliza. Kwanza ujue hivi visiwa si mali ya hoteli wala ya mwenye boti. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na vinasimamiwa na taasisi ya serikali ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kuna kiingilio, na raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, uliza kama kiingilio kimo ndani ya nauli ya boti, na udai stakabadhi. Ganda la konokono wa baharini, tumbawe, mbegu: hakuna kinachorudi mjini nanyi. Waambieni watoto mapema, ili wasilie bandarini.

Boti za Bongoyo huondokea Slipway, rasi ya Msasani, na safari ni kama nusu saa. Mnashukia ufukwe wa kaskazini magharibi, mchanga mweupe, maji ya kina kifupi, vibanda vya makuti. Watu wengi huishia hapo. Nyuma ya vibanda kuna njia ya miguu inayoingia kisiwani, na ndiyo niliyotaka muijue. Ni nyembamba, inapita kwenye vichaka na mibuyu mifupi, na mwendo wa kuangalia angalia hauchukui muda mrefu kwa sababu kisiwa ni chembamba. Tazameni mnapokanyaga. Kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe yaliyoishi zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka matumbawe yakabaki juu, mvua ikayachonga mpaka yakawa na ncha kama visu. Inama uangalie jiwe lolote kando ya njia: utaona alama za nyota nyota, vyumba vya wale wanyama wadogo waliolijenga. Hayo ndiyo mawe ya Boma la Kale mliyoyaona Posta. Suruali ndefu itawaokoa magoti, na anayeanguka hapo hainuki bila kuchubuka, kwa hiyo hakuna kukimbia.

Je, kinazungukwa chote? Kuna watu wanaozunguka, siku ya bamvua, maji yakiwa chini kabisa. Mimi sikushauri, hasa ukiwa na watoto. Upande wa mashariki umeelekea bahari kuu, na huko mwamba umeliwa na mawimbi kwa chini, ukabaki umening'inia juu kama paa. Maji yakikukuta chini yake huna pa kupandia; juu ni ncha, nyuma ni maji, na boti za watalii ziko upande wa pili wa kisiwa, hawakuoni wala hawakusikii. Tena ili uzunguke utalazimika kukanyaga miamba yenye matumbawe hai, na hilo linaharibu kitu kile kile kilichofanya kisiwa kihifadhiwe. Fanyeni hivi: siku ya bamvua chukueni boti ya kwanza ya asubuhi, tembeeni kwenye mchanga toka ufukwe wa kushukia kwenda mkono mmoja mpaka mwamba unapoanza, rudini, halafu mwingie njia ya ndani maji yanapoanza kujaa. Mtakuwa mmeona pande zote mbili za kisiwa bila kukimbizana na bahari. Na ulizeni saa ya boti ya mwisho kabla hamjashuka ile ya kwanza. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha siku nzima. Kisiwani hakuna kisima.

Mbudya kuko tulivu zaidi, ingawa mwisho wa wiki hujaa watu. Boti zake huondokea pwani ya Kunduchi na hoteli za jirani, na safari ni fupi kuliko ya Bongoyo. Mibuyu ya Mbudya ni mikubwa, na kisiwa ni mojawapo ya mahali pachache pwani yetu ambapo bado wapo wale kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopasua nazi. Mchana hujificha kwenye mashimo ya mwamba, kwa hiyo msiingize mkono shimoni kwa udadisi. Mkimwona, mwangalieni kwa mbali. Anakua polepole sana na huishi miaka mingi, na akishaliwa mmoja pengo lake halizibiki haraka.

Faida nyingine ya upande huo ni Kunduchi yenyewe. Kabla ya boti, au baada yake, nendeni kwenye magofu: msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, katikati ya mibuyu, ambayo waliyajenga Waswahili waliokuwa matajiri wa biashara ya bahari. Kwenye baadhi ya nguzo bado unaona vishimo vya mviringo vilipopachikwa sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Gusa kwa macho tu. Pitieni kwa wenyeji au kwa msimamizi wa magofu kabla ya kuingia, si kwa ajili ya ruhusa pekee. Mwenyeji akiongozana nanyi mnakuwa salama na mnapata maelezo.

Visiwa vingine usihangaike navyo kwa kutembea. Pangavini ni kidogo na kimezungukwa na mwamba, boti haipati pa kutia nanga vizuri. Fungu Yasini ni fungu la mchanga. Upande wa kusini mwa bandari kuna Sinda, Kendwa na Makatumbe mbili, navyo ni maeneo tengefu. Kwa Sinda boti hupatikana pwani ya Kigamboni, lakini ngojeni mpaka mke wako aizoee bahari.

Kigamboni nitakueleza kwa kifupi. Mnavuka kwa kivuko cha Magogoni kwa shilingi mia chache tu, kadi ya N-Card inatumika, halafu daladala au bajaji mpaka Mjimwema. Toka huko kuelekea kusini ufukwe unanyooka kilomita nyingi, mchanga mweupe, mpaka Gezaulole na kupita. Siku ya bamvua asubuhi ni matembezi ya saa tatu bila kuona gari. Kizuizi si bahari, ni kuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini utakuta ukuta wa mtu umeteremka mpaka mawimbi yanapofika, na mlinzi anakuambia hapa hapapitwi. Linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu ufukwe ni wa watu wote, wa mvuvi na wa mtoto wa Mbagala sawasawa na wa mwenye hoteli. Maji yakiwa yamepwa, pita chini kwenye mchanga wenye unyevu, salimia, endelea. Usigombane na mlinzi, naye ametumwa. Mkikuta kijito kinaingia baharini, vukeni wakati wa kupwa tu, tena pale panapovukwa na wenyeji.

Nimeiacha Pugu mwisho makusudi, kwa kuwa nahisi ndiyo itakayowatuliza nyinyi wa Uluguru. Vilima vya Pugu havifiki mbali, mita mia tatu na kidogo juu ya bahari, lakini vina mabaki ya msitu wa asili wa pwani, wa kale sana, ambao zamani ulienea na leo umebaki vipande. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mnapanda usafiri wa Gongo la Mboto, mnaunganisha mpaka Pugu Kajiungeni au magari ya Kisarawe, mnaingia kwa kulipia na kupewa mwongoza wageni. Huyo msimkwepe, njia zinagawanyika ndani na anajua ipi imefunikwa na ipi ina nyuki.

Pugu jicho lishuke chini, msitafute mandhari ya mbali kama ya Morningside. Mkitembea kimya kuna sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayekurupuka kwenye majani makavu. Na usiku hutoka komba, wakiwemo komba wadogo wa Rondo ambao duniani kote wanaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kuna bwawa la Minaki la kupumzikia, na kuna mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kaure. Humo wanalala popo wengi sana, na jua linapozama hutoka kwa mkupuo. Kuwaona ni jambo kubwa, ila pangeni na mwongozaji na usafiri wa kurudi kabla, maana mtatoka msituni giza limeingia. Msiingie ndani ya pango, wasubirini mlangoni. Na baada ya mvua usiende kabisa, udongo ule unateleza kuliko wa Uluguru.

Sasa nikupangie. Jumapili ya kwanza tembeeni mjini, Askari mpaka Coco, hata kama si bamvua. Wiki ambayo mwezi ni nusu, na bahari haina mvuto asubuhi, nendeni Pugu. Jumamosi itakayoangukia siku moja hadi tatu baada ya mwezi mpevu iwe Bongoyo. Mbudya na Kunduchi ziwe siku moja, baadaye, watoto wakishajua kusoma maji. Kwa kila safari, maji ya kunywa yasipungue lita moja na nusu kwa mtu, maana jasho la huku halikauki mwilini kama la milimani, linatiririka, na mtu huishiwa nguvu bila kujua. Anayeacha ghafla kulalamika joto, mkae naye kivulini.

Kuhusu mke wako. Hofu yake ni ya haki, asichekwe nyumbani. Mwambie aanze na kivuko cha Magogoni, ni dakika chache na chombo ni kikubwa, wavuke, warudi. Siku ya Bongoyo chagueni boti ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka, na muangalie utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, safari ihamie wiki nyingine hata kama nahodha anasema hakuna shida. Kabla hamjapanda, hesabuni majaketi ya kuokolea na watu. Kila mmoja alivae na kulifunga akiwa bado mchangani, la mtoto liwe la kimo cha mtoto, na mama akae katikati ya boti kwa nyuma kidogo, ambako mrusho ni mdogo. Jaketi likipungua hata moja, shukeni mtafute boti nyingine; pale Msasani zipo.